Karani Alivyoupima Mkono wa Mchimbaji

Juzi nilikuwa kwenye boma moja la huku kati ya Shinyanga na Geita, nikisubiri leseni ya baiskeli. Mbele yangu alisimama mchimba dhahabu aliyevunjwa bega na mwamba mgodini, pamoja na mkewe aliyebeba mtoto anayenyonya. Mwajiri alitaka malipo ya ulemavu yakomeshwe, akamtuma karani wake kumweleza Bwana Shauri, afisa wa serikali aliyeamua kesi pale bomani, kwamba mtu huyu amepona.

"Mkono huo haushiki hata kijiko," mke alisema.

Karani akatabasamu. "Mama, nipe huyo mtoto nimwone."

Akapewa. Akamrusharusha kidogo, mtoto akacheka. Ghafla akamgeukia baba, akasema, "Shika!" na kumwachia mtoto hewani.

Baba akamdaka kwa mikono yote miwili. Papo hapo akaanguka kwa magoti, jasho likimtiririka, akilia, "Mayu wane!" Mtu mzima, anamwita mama yake.

"Mmeona?" karani alisema. "Mkono umeinuka."

Bwana Shauri akaitikia kwa kichwa, akaamuru malipo yakome.

Mke akamchukua mwanawe, akamgeukia Bwana Shauri. "Bwana, ulitaka amwache aanguke?"

Bwana Shauri akaita anayefuata. Jibu, wasomaji wangu, nadhani lilikuwa ndiyo.