Mbuzi wa Kioko Hajaokoka

Kuna Jumamosi moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, nayo imerudi leo nilipokuona ukianua taulo kwenye kamba. Mvua ya kwanza ilinyesha jana, silanga, lile bwawa letu la mteremkoni, limejaa hadi ukingoni, na nyinyi vijana mnataka kwenda kuogelea. Keti kwanza. Siku hizi safari yangu ndefu ni kutoka jikoni hadi kwa kuku, kwa hivyo nafasi ninayo.

Nilikuwa kidato cha tatu. Kesho yake, Jumapili, mimi na binamu yangu Mwikali tungebatizwa pale pale silangani. Sasa mimi nilikuwa naogopa maji kama paka. Nilijiona nikizamishwa na mchungaji, nikiibuka na mayowe mbele ya kanisa zima. Nikamwambia Mwikali, "Twende tufanye mazoezi."

Susu, nyanya yetu, alikuwa akichambua mbegu za ndengu. Bila kuinua macho akasema, "Maji ya mvua ya kwanza ni ya shamba. Mtu huyaacha yatulie."

"Lakini Susu, mchungaji atayaombea," nikajibu, mimi msomi.

"Ayaombee tu. Mbuzi wa Kioko hajaokoka."

Tulicheka njia nzima. Kioko alikuwa jirani wa juu, boma limejaa mbuzi. Tukafika, nikambatiza Mwikali, naye akanibatiza, tukameza maji kama watu wanaolipwa.

Asubuhi tumbo langu lilianza ibada kabla ya kanisa. Mchungaji alipoita jina langu nilikuwa chooni, nikiitikia kwa sauti ambayo sitakueleza. Hapo cheka, nimekuruhusu. Lakini ya Mwikali haikuwa ya kuchekwa. Kufikia jioni macho yalikuwa yameingia ndani, hata uji haukai tumboni. Wazazi wakadhani ni chakula. Nami nikanyamaza, nikiogopa fimbo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakuniambia kwamba unaweza kuficha maradhi, kifo kikamjia mwenzako.

Mwikali alipoacha kuitika jina lake, ndipo nikamwambia Susu. Hakunipiga. Mwikali akakimbizwa hospitalini Sultan Hamud, nikamweleza muuguzi yote, akatundikiwa dripu, na Mungu akatuachia. Ndiye huyo Anti Mwikali anayemaliza chapati zangu kila Krismasi.

Siku aliporudi nyumbani, Susu alinishika mkono hadi silangani. "Sasa panda," akasema. "Fuata njia ambayo maji yalishukia."

Nikapanda na korongo. Nikapita chini ya boma la Kioko, samadi yote imefagiliwa na mvua. Nikapita choo cha shimo cha sokoni, kimefurika. Nikafika kwenye kichaka ambamo, tuseme ukweli, sisi wenyewe tulikuwa tukijisaidia tukiona uvivu kufika chooni.

"Yote hayo uliyanywa," Susu akasema, "na bado ungesema Amina."

Kwa hivyo, mwanangu, usiyaulize maji rangi yake. Vijidudu vya kinyesi havionekani, hata maji yang'ae kama kioo. Yaulize yametoka wapi. Mvua ikinyesha, kaa ukingoni siku kadhaa. Mahali ng'ombe wanakunywa si pa kuogelea, na popote utakapoingia, funga mdomo, jambo ambalo najua ni gumu kwako. Anayeharisha asiingie akawagawia wengine. Na ukiugua baada ya kuogelea, sema mapema ulikokuwa, hata kama fimbo inangoja. Alama ya fimbo hupona.

Mimi na Mwikali tulibatizwa baadaye, maji yakiwa yametulia, Susu amesimama ukingoni kama askari. Nikapiga mayowe vile vile.

Mungu akuongoze, akupe maisha marefu, wajukuu wakaidi kama wewe, na tumbo tulivu la kuwalea. Sasa rudisha hiyo taulo kwenye kamba.