Santuri Iliyoimba Polepole

Vijana wanaokuja kwangu kuazima santuri huniuliza swali moja la kunichosha: mzee, katika hizi zote, albamu bora ya roki ni ipi? Huwajibu kwa hasira kidogo kwamba mimi si hakimu wa mashindano. Nimebakiwa na santuri tano, zote zimekwaruzika, na sababu zangu za kuzipenda hazihusu ubora. Moja ni ya vijana wa Zambia, ilifika kwetu Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, kwa boti ya mizigo kutoka Mpulungu. Gitaa lake linakoroma kana kwamba spika imechanika, na ndiyo niliyoisikiliza wiki nzima niliyooa. Nyingine ina wimbo mmoja mzuri na tisa za kipumbavu, lakini ule mmoja unanitosha. Ila ile yenye jalada la wazungu watatu waliosimama katikati ya nyasi kavu siipigi mbele ya watu. Nitaeleza kwa nini, halafu msiniulize tena.

Siku zile nilikuwa karani katika duka la Mgiriki mmoja pale Baraka. Maduka ya wageni yalipochukuliwa na kupewa wananchi, Mgiriki alifungasha kwa siku mbili akaondoka. Mwanawe, kijana wa rika langu, ndiye aliyekuwa mgonjwa wa roki. Alipiga santuri zake dukani kutwa nzima mpaka wateja wakaomba huruma. Kabla ya kupanda boti aliniachia gramafoni yake ya betri, ile inayofungwa kama sanduku, pamoja na santuri nne. Sijui kama aliwahi kununua nyingine. Mimi nilizibeba nyumbani nikijiona mtu mkubwa.

Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, baba alipanda milimani upande wa Minembwe na mizigo ya chumvi na ndagala, yaani dagaa wakavu, akabadilishe na ng'ombe. Hakurudi. Wengine walisema alikutana na wanajeshi njiani, wengine wakasema waasi wa msituni walimchukua awabebee mizigo. Maiti haikuonekana, na kwa kuwa haikuonekana, mama alikataa matanga. Kwa miaka minane koti la baba lilining'inia msumarini, na kila Jumapili mama alilikung'uta vumbi.

Betri mpya, pile kama mama alivyoziita, zilikuwa ghali, kwa hiyo tulifanya walichofanya watu wote: kila asubuhi mama alizianika zile kuukuu juu ya bati, jua lizirudishie uhai. Jua la Baraka ni kali, lakini halifanyi miujiza. Alasiri ya kwanza nilipoiweka ile ya nyasi kavu, sahani ilizunguka kwa uchovu. Dukani yule mwimbaji alikuwa kijana mwenye sauti nyembamba ya haraka. Kwetu alitoka mtu mzima, mzito, anayevuta kila neno kutoka kifuani, anasimama, anapumua, anaendelea. Gitaa lilisikika kama kitu kinachoburuzwa sakafuni kwenye chumba cha pili.

Mama alikuwa anachagua maharage. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Rudilia," akasema.

Nikarudia. Akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Ni yeye."

Nilicheka. Halafu nywele zikanisimama, kwa sababu kweli alikuwa yeye. Baba alikuwa na namna ya kumeza pumzi kabla ya neno la mwisho, na ile pumzi ilikuwemo humo, mahali palepale. Nilijua vizuri kwamba ni betri. Nilikuwa nimeisikia santuri ile mara mia kwa mwendo wake halisi, na ningeweza kumwambia mama palepale. Sikusema. Nilitaka kumsikia tena, basi.

Ikawa desturi. Kila alasiri, kazi za shamba zikiisha, mama alikaa kwenye kigoda mbele ya gramafoni, nami naweka sindano upande wa pili, wimbo wa kwanza. Baada ya siku chache alikuwa ameshajifunza mapengo yote ya wimbo, akaanza kusema ndani ya mapengo hayo.

"Kule juu baridi iko mingi?"

Sauti ikavuta neno refu, la chini.

"Na ng'ombe, ulibapata?"

Kimya. Pumzi. Kisha neno moja. Mama akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa hesabu inayoeleweka. Nje jua lilikuwa linawaka, wanawake wanapita na mihogo kichwani, na mimi mlangoni nilikuwa nasikia baridi mgongoni. Kuku waliozoea kuokota makombo kizingitini waliacha kuja saa ile. Siku moja nilijikuta natoka chumbani kwa kunyata nisiwakatize mazungumzo, nikafika uani ndipo nikajiuliza: nisimkatize nani?

Kadiri wiki zilivyopita, betri zilichoka zaidi. Sauti ilishuka. Maneno yakarefuka mpaka hayakuwa tena maneno, na lile pengo ambamo mama aliuliza maswali yake likapanuka hata akaweza kuuliza mawili, matatu. Wakati mwingine hakuuliza kitu, alikaa tu. Nilianza kuogopa. Sikumwogopa baba, nilimwogopa mama, kwamba siku moja atashuka naye.

Hapo ndipo mkuu wa mtaa alipofika kwetu. Hakukubali kukaa. Alimwita mama "sitwayeni", yaani mwananchi, kama tulivyolazimika kuitana miaka ile, lakini macho yake yalikuwa yanachungulia chumba cha ndani.

"Ni nani huyu mwanaume anasemaka humu kila siku?"

"Ni disiki, chef," nikajibu.

"Disiki inaliaka vile? Bantu banasikia. Banasema bwana ya huyu mama alitoka ku pori, munamuficha." Akashusha sauti, na nadhani alitaka kutusaidia kweli. "Musikilize. Kama alikufa, mufanye kilio, mama anyolewe, biishe. Kama iko muzima, basoda batakuja kumutafuta. Mi sitaweza kubazuia."

Kila mtu wilayani kwetu Fizi alijua maana ya wanajeshi kumtafuta mtu ndani ya nyumba yenye mwanamke mmoja. Sikulala vizuri. Asubuhi nilibadilisha saa yangu ya mkono kwa betri sita mpya, nikamwita mkuu wa mtaa aje kushuhudia, nikamwita na shangazi, dada yake baba. Nilitoa betri kuukuu nikaziweka nje kizingitini, nikapachika mpya, nikaweka sindano palepale pa siku zote.

Akatoka kijana wa Kizungu, mchangamfu, sauti nyembamba, anakimbiza maneno kana kwamba amechelewa mahali. Gitaa likaruka. Mkuu wa mtaa alicheka kwa sauti, na mguu wake ukaanza kupiga chini. "Ni huyu ndiye mulikuwa munaogopa?" Shangazi naye akacheka, na nafuu niliyoipata ilikuwa kubwa hata nikacheka nao.

Mama alisikiliza upande wote mpaka sindano ikafika mwisho. Kisha akainuka, akalitoa koti msumarini, akalikunja vizuri, akaliweka mapajani mwa shangazi. Nguo za marehemu hurudi kwa ndugu zake. Mkuu wa mtaa alielewa, akavua kofia, akatoa pole, akaenda zake. Hatukusumbuliwa tena.

Tulipobaki sisi watatu, mama akanigeukia. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Unanionaka mi mujinga, mwanangu? Nilijuaka ni disiki. Nilijuaka ni pile zinakufa. Kila siku alikuwa anashuka, anashuka. Ilibakia siku mbili, tatu. Ungemuacha azimike yeye mwenyewe, mi niko pembeni yake."

Nilitoka mbio kuzitafuta betri kuukuu. Wanafunzi wa shule ya jirani walikuwa wamekwisha kuziokota na kuzipasua kwa mawe, wapate ule unga mweusi wa kupaka ubao wa darasa. Nilikuta maganda tu, matupu, barabarani. Niliporudi ndani mama alikuwa ameketi sakafuni, kitambaa cha kichwa amekivua, na shangazi, wembe ukiwa kando yake, alikuwa ameanza kumlowesha kichwa.