Kikao Kilichokwama Kwenye Salamu

Nilirudi kijijini kwetu Misigiri katikati ya mwaka wa pili wa chuo, na majirani wakaambiwa nina malaria. Malaria haina aibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeacha kula, nimeacha kuingia darasani, na nikifungua kitabu nalia. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu na ndiye aliyekuwa akitulea, alisema tatizo ni simu. Simu imemharibu mtoto.

Simu hiyohiyo ndiyo iliyoniokoa, na sitachoka kusema. Rafiki yangu wa bwenini alikuwa ameniunga kwenye kundi la WhatsApp la ushauri kwa wanafunzi wa vyuo. Kila Jumamosi mchana tulikutana mtandaoni na mshauri, dada mmoja mwenye sauti ya taratibu. Nyumbani mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo nilipanda juu ya kichuguu pembeni ya shamba letu la alizeti, nikasimama huko kama mtu anayefukuza ndege. Wapita njia wakavumisha kuwa naongea na mchumba.

Siku ya kwanza mshauri alituuliza habari mmoja mmoja. Tukajibu: nzuri, nzuri tu, salama, namshukuru Mungu. Watu waliojiunga kwa sababu hawalali, wote wazima! Mshauri akacheka. "Basi tufunge kikao, hakuna mgonjwa." Baadaye alitufundisha mengine, namna ya kuvuta pumzi moyo unapokwenda mbio, namna ya kuigawa kazi kubwa vipande vidogo badala ya kuikimbia. Lakini zoezi lililonishinda ni lile alilotupa siku hiyo ya kwanza: ukiulizwa hali, jibu kweli, walau kwa mtu mmoja. Nilikasirika. Huyu hajui kwetu? Kwetu mtu amefiwa jana na bado anajibu nzuri, ila tumefiwa.

Chuo kilipokaribia kufunguliwa, baba mkubwa akaita kikao cha ukoo. Nilishajua alichoamua: nisirudi, nibaki nilime mpaka nitulie, na simu ichukuliwe. Mimi nilitaka kurudi. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na niliogopa.

Wazee wakakaa kwenye viti, wanawake kwenye mkeka. Nikapiga goti, nikawasalimia wote, nikamalizia kwa baba mkubwa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Hujambo?"

"Siko sawa, baba mkubwa. Siko sawa tangu mwaka jana."

Kwetu salamu isipoisha, hakuna neno lingine linaloweza kuanza. Baba mkubwa alikuwa na uamuzi wake mdomoni na hana pa kuupitishia. Akarudia kwa ukali, "Nimekuuliza, hujambo?" Nami nikarudia jibu langu. Sikupandisha sauti. Goti lilikuwa chini, macho chini, adabu yote ipo, na wazee wakakosa pa kunishikia.

Shangazi ndiye aliyeingilia kati. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Muulize basi anaumwa nini."

Akauliza. Nikaeleza yote, nusu Kiswahili nusu Kinyiramba, mpaka asubuhi nilizotamani nisingeamka. Nikaeleza pia ninaongea na nani pale kichuguuni. Nikawaambia nikibaki hapa kwa kujificha nitaumwa zaidi, na nikirudi sitakuwa peke yangu tena. Mama alilia kwa kwikwi. Baba mkubwa aliinamisha kichwa.

"Utarudi chuo," alisema hatimaye. "Simu baki nayo. Ila haya mambo yasitoke nje ya mlango huu. Tuna mabinti wa kuozesha."

Shukrani ilinijaa kifuani, na hasira pia. Nilifikiria vijana wangapi, kwenye nyumba ngapi, wameambiwa maneno hayohayo wakanyamaza mpaka wakazikwa.

"Yatatoka, baba mkubwa," nikasema. "Nitayatoa mwenyewe."