Sarafu Niliyoisugua kwa Ndimu

Jumamosi, tarehe 8 Februari. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, jua limefifia. Ndivyo daftari langu linavyosema. Mengine naandika kwa kumbukumbu, na huenda nimekosea mahali.

Nilikuwa mfanyakazi wa ndani Umm Salal, kule Uarabuni. Baba mwenye nyumba aliweka kwenye kabati la chumba cha wageni sarafu za shaba, za miji ambayo Warumi waliitawala zamani. Moja niliipenda. Upande huu kichwa cha mfalme. Upande wa pili mwanamke ameketi mwambani, taji lake kama ukuta wa mji, na miguuni pake mtu anaogelea. Baba aliwahi kunieleza kwamba mwanamke ndiye mji wenyewe, na mwogeleaji ni mto wake.

Kila Alhamisi mimi na mpishi, dada wa Uganda, tulisugua madele, yale mabirika ya shaba ya kahawa, kwa ndimu na chumvi. Alhamisi ya juma hilo, nikirudisha madele kabatini, niliiona ile sarafu, ya kijani kwa ukale, karibu na madele yanayong'aa, nikaona haipendezi. Nikaisugua. Kusema kweli, nilitaka pia kusifiwa. Iling'aa, lakini mwogeleaji hakuonekana tena.

Jumamosi ndipo Baba alipoigundua. Zamu ya kupangusa kabati ilikuwa ya mpishi, basi Madam, mke wa Baba, akamwambia safari yake ya likizo, Jumatatu, ingoje kwanza hadi ukweli ujulikane. Hakumfokea, hilo lazima niliseme.

Mimi nilinyamaza tangu saa nne hadi adhuhuri. Mpishi alikuwa akikata vitunguu.

"Wewe Mkenya," akasema, "mimi sitakutaja. Lakini mtoto wangu ananingoja Entebbe."

Nikaenda kwa Baba. Nikamwambia ni mimi, nilidhani ni uchafu.

Aliigeuza sarafu dirishani kwa muda mrefu. "Huo uchafu ndio ulioushika mto," akasema. Shaba ya chini ilikuwa imeshaliwa na kutu; picha ilibaki kwenye ile ngozi ya kijani tu. Akakiri kwamba hakuwahi kutukataza kuzisugua, ingawa sijui kama mimi ningesikia. Tangu siku hiyo nilihamishiwa kwenye kufua. Sarafu aliirudisha mahali pake, inang'aa peke yake.

Madam mwenyewe alimwambia mpishi tiketi iko palepale.

Jioni tulikula machbusi, wali wa viungo na kuku. Mpishi alinipakulia ukoko, anajua ninavyoupenda, halafu akaenda kufunga begi lake.