Kidole Kisichogeuza Ukurasa

Wanaosimulia mambo ya namna hii husema yaliwakuta usiku wa manane wakitoka kilabuni. Mimi yalinikuta alasiri, tena nilikuwa nimekunywa chai tu, na akili zangu zote nilikuwa nazo kichwani. Kwa hiyo ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu unisikilize.

Kwanza nikueleze kibao changu cha kusomea. Mjukuu wangu Namsifu anafanya kazi duka la dawa kule Same mjini. Alipopanda mlimani kunisalimia alikuta Biblia yangu nimeifungia kabatini, kwa sababu maandishi yake yalishageuka sisimizi. Na mimi kusoma sikupewa bure. Nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwenye kisomo cha jioni, mtoto mgongoni, mume ananuna nyumbani. Kitu nilichokipata kwa taabu hivyo, kuja kunyang'anywa na macho yangu mwenyewe! Iliniuma kuliko jino.

Basi akatoa kwenye mkoba kitu cha kijivu, chembamba.

"Bibi, hii ni rida. Ni ya vitabu tu."

"Simu hiyo. Itanimalizia macho yaliyobaki."

"Siyo simu, Bibi. Hebu angalia."

Akagusa mahali, maneno yakakua. Akagusa tena, yakakua tena, mpaka herufi moja ikawa kama punje ya mahindi ya makande. Wewe, nililia! Na mwanga wake hauchomi kama wa simu. Umetulia, kama karatasi uliyoiweka dirishani asubuhi. Ndani yake kuna vitabu ambavyo ukivipanga kabatini, kabati linavunjika, lakini ukikishika mkononi ni kama mche wa sabuni uliokwisha nusu. Nimeona mengi yakiletwa huku milimani kwa sifa, na mengi ni takataka. Hiki si takataka. Aliyekitengeneza alikuwa na bibi yake, nakuapia.

Mimi na kibao tuligombana jambo moja tu. Kwenye kisomo tulifundishwa kufuata mstari kwa kidole huku tukitamka kwa sauti, na ndivyo nisomavyo hadi leo. Sasa kila nikiweka kidole, ukurasa unakimbia! Naurudisha, unakimbia tena. Nikasema kina shetani. Namsifu akacheka mpaka akakaa chini.

"Kinahisi kidole, Bibi. Kidole cha mtu hai. Ukitumia kijiti hakina habari na wewe."

Nikachomoa kijiti kwenye ufagio. Kuanzia hapo nikawa nasoma kama mchungaji madhabahuni. Akanisisitizia mawili: nikichaji kwenye sola kabla hakijaisha, na kisiguse maji.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa zamu yangu ya maji. Huku kwetu maji ya shambani yanakusanywa kwenye ndiva, bwawa ambalo wazee walilijenga kwa mawe na udongo, halafu tunafunguliwa kwa zamu. Aliyenitangulia alikuwa hajamaliza, nikakaa ukingoni kungoja, kibao mapajani. Ukungu ukashuka. Unaujua ukungu wa Upare mwezi wa saba? Unakumeza mpaka huoni miguu yako mwenyewe.

Nilikuwa nasoma hadithi ya mwanamke aliyekimbiwa na bwana harusi, akaamua kumfuata stesheni kwa stesheni. Nimefika patamu, nikahisi mtu amekaa kando yangu. Msichana, uso laini, khanga iliyofifia. Wa hapa nawajua wote na mama zao, huyu sikumjua. Akakaa anasikiliza. Hakuniamkia.

Nikavumilia ukurasa mmoja, nikashindwa.

"Binti, kwenu hakuna shikamoo?"

Akanitazama bila aibu. "Nakungoja wewe."

"Unaningoja nini?"

"Uniamkie."

Angekuwa mjukuu wangu ningemzaba kofi. Lakini kabla sijafungua mdomo akauliza, kwa sauti ya mtu mwenye njaa, "Ehe, amempata huyo mwanamume?" Na nani anaweza kumchukia mtu anayeuliza hivyo? Nikaendelea. Alikuwa msikilizaji ambaye sijapata kumwona kanisani wala kilabuni. Penye kichekesho anacheka kabla sijafika. Nikagundua anasoma mwenyewe, begani kwangu, tena ananizidi mbio.

"Unanichelewesha," akasema. "Lete nigeuze."

Akaweka kidole. Ukurasa haukugeuka. Akakandamiza. Haukugeuka. Akaweka kiganja kizima, kibao kimetulia tu kama hakuna aliyekigusa. Mimi nikagusa kwa ncha ya kidole, ukurasa ukaruka.

Niamini, sikuhitaji kuambiwa. Nilitazama nguo zetu. Ukungu ulikuwa umelowesha shuka langu, nyasi, mawe, kila kitu. Khanga yake ilikuwa kavu kabisa. Mama yangu alikuwa akisema kuna mwanamke alizama kwenye ndiva ile akingoja zamu yake, hata mama hajazaliwa. Umeona sasa kwa nini alitaka nimwamkie? Alikuwa mkubwa wangu. Mkubwa hata wa mama yangu, na uso ule wa kisichana!

Akanishika mkono. Baridi ile siwezi kukueleza.

"Twende kwangu," akasema. "Ukanisomee huko chini. Hakuna zamu, hakuna kelele. Tutasoma vyote."

Na alikuwa ananivuta kweli. Kisigino changu kimoja kilishaingia majini. Wewe ungefanya nini? Ungekemea? Mimi sala zote zilinitoka, hata Baba Yetu sikuikumbuka. Kilichonijia kinywani ni kugomba tu, kama ninavyogomba na wachuuzi sokoni Hedaru.

"Kwako kuna umeme?"

Akaacha kuvuta. "Umeme?"

"Hiki kinachajiwa! Kikiisha chaji ni ubao mtupu. Tena kikiingia maji kinakufa hapo hapo. Nife mimi, kife chenyewe, halafu tukae huko chini tunatazamana? Na hutajua kama alimpata!"

Akakitazama kibao. Akanitazama mimi. Uso wake ukavunjika kama wa mtoto aliyeahidiwa nyama akapewa mfupa. Hapo huruma ikanishika, katikati ya woga wote ule. Alitaka kitabu tu, jamani. Nikapiga goti, mimi mwenye magoti haya, nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Mkono ukalegea.

"Nitakusomea hapa hapa, kila zamu yangu. Lakini mimi nakaa huku juu, nawe unabaki huko kwako. Tumeelewana?"

Nikaanza kusoma, na nikasoma mpaka koo likakauka. Mgawa maji alipotokeza kwenye ukungu kuniambia zamu imefika, alinikuta peke yangu.

"Bibi, unawasomea vyura?"

Nikakikumbatia kibao nikaenda shambani.

Tangu siku ile mkono wangu una alama nyeupe ya vidole vinne, na sehemu hiyo haipati joto hata nikikaa jikoni. Namsifu anataka kunipeleka hospitali. Nimemwambia aniletee vitabu, si dawa. Anashangaa ninavyovimaliza. Kile cha bwana harusi tulikimaliza zamani. Siku nilipotamka neno la mwisho maji yalitikisika ndiva nzima na hapakuwa na upepo. Kama alimpata au hakumpata sikuambii, kasome mwenyewe. Vijana wanasema kizee kimerukwa na akili, kinahubiria bwawa. Waseme. Shamba langu halijakauka tena, na ninasoma kuliko mwalimu wao.

Lakini wewe nakuonya, na sitanii. Ukipita huku ukungu umeshuka, usikae ukingoni mwa ndiva yetu na kitabu cha karatasi, hata kama ni kitakatifu. Cha karatasi hakihitaji umeme. Akikushika mkono akakuambia twende, utamjibu nini?