Alijifunza ufundi bomba baada ya kumzika Iteka

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Kimironko, Kigali. Mvua ya jana imekwisha na jua limeshaanza kuwaka, lakini ukuta wa chumba kimoja nyumbani kwa Christella bado umelowa. Générose Kabagwira amepiga magoti nyuma ya kabati lililosogezwa, kiganja juu ya doa lenye upana wa sinia. Rangi imevimba. Ukiigusa inabanduka kama ganda la kitunguu.

"Hii ukuta tumeipaka mpaka tumechoka," analalamika Christella, mwenye nyumba. "Inakauka, halafu inarudi."

"Rangi haizibi maji, dada," anajibu Générose. "Funga koki zote."

Anatoka nje na kuchuchumaa mbele ya mita ya maji. Kigurudumu cha ndani hakizunguki. Kingezunguka wakati koki zimefungwa, angejua kwamba bomba la maji safi linavuja mahali fulani.

"Doa linazidi lini? Mvua ikinyesha?"

"Hapana. Watoto wakioga."

Basi anamwaga ndoo mbili za maji kwenye sakafu ya bafu, upande wa pili wa ukuta, na wanawake hao wanakaa kusubiri. Chai inakwisha, mazungumzo nayo yanakwisha. Ndipo doa linapoanza kuwa jeusi pembeni. Saruji inayozunguka tundu la kutolea maji ya kuoga imepasuka, na maji yanapita chini kwa chini hadi chumbani.

Sababu imejulikana. Lakini kabla ya kushika nyundo na patasi, Générose anauliza: "Nani analala hapa?"

"Mtoto wangu mdogo."

"Tukihamishe kitanda kwanza." Anashika upande mmoja yeye mwenyewe.

Wateja wanamwita Mama Iteka, na ndivyo anavyopenda. Ana umri wa miaka 41. Alizaliwa na wazazi Wanyarwanda, akakulia mtaa wa Bwiza, Bujumbura, kisha akahamia Kigali na mumewe, Léonce. Wakati huo alikuwa akiuza vitenge. Walipanga chumba kimoja Muhima, na humo akalelewa mtoto wao wa pekee, Iteka.

Ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa na unyevu. Kuvu nyeusi ilipanda kutoka chini. Kila walipolalamika, mwenye nyumba alileta mtu wa kupaka rangi, na kwa wiki chache chumba kilionekana kipya.

"Iteka alikuwa anachora kwa kidole juu ya ule ukuta, kwa sababu ulikuwa laini," anasimulia. "Alichora kuku. Mimi nilikuwa nacheka."

Mtoto alianza kukohoa, akapona, akakohoa tena. Mvua za Novemba zilimkuta tayari amekonda. Alilazwa hospitalini kwa nimonia, na hakurudi nyumbani. Alikuwa na miaka minne.

"Daktari hakusema ni ukuta. Na mimi sisemi ni ukuta," anasema Générose taratibu. "Lakini nilitaka kujua yale maji yalikuwa yanatoka wapi. Watu walikuja, wakaniambia *ihangane*, vumilia. Nikavumilia. Lakini maji yalikuwa yanatoka wapi?"

Siku chache baada ya mazishi, yule mtu wa kupaka rangi alifika tena na ndoo yake. Générose alisimama mlangoni, akamkatalia kuingia. Alikwenda Nyabugogo, akarudi na fundi bomba mzee aitwaye Mutabazi, akamwomba auvunje ukuta.

Mutabazi alibandua lipu na kukuta bomba la jikoni kwa jirani. Kiungo chake hakikuwa kimegundishwa vizuri. Kilidondosha tone, kikatulia, kikadondosha jingine. Alikikata, akaweka kipya, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amemaliza.

"Nilikaa chini nikalia kuliko siku ya kuzika," anasema Générose. "Kilikuwa kitu kidogo hivyo."

Alipomwomba Mutabazi amfundishe kazi, mzee alikataa. Alimwambia, "Wewe una majonzi, mama, huna haja ya ufundi." Générose alimfuata kila alikokwenda, hadi mzee akachoka na kumpa mfuko wa vifaa aubebe.

Léonce hakuweza kuvumilia. "Aliniambia kila jioni narudi nikinuka ule ukuta," anasema Générose. Mumewe alirudi Bujumbura. Hupiga simu mara mojamoja, na kwenye simu hawamtaji mtoto.

Leo Générose anaishi peke yake Batsinda. Kazi inamlisha. Hata hivyo kuna siku anafika kwa mteja, anaona kitanda kidogo kando ya ukuta, na inambidi atoke nje kwanza avute pumzi.

Kabla ya mvua zijazo anataka kupita katika nyumba za kupanga za Muhima, akague bila malipo vyumba vyenye watoto. Mkuu wa mudugudu, ngazi ya chini kabisa ya utawala wa mtaa, amekubali kumsindikiza. Wenye nyumba wengi bado wanakataa, wakihofu kwamba wapangaji watadai matengenezo.

"Siwaombi nyumba nzima," anasema, akifunga mfuko wake. "Wanifungulie chumba anacholala mtoto. Hicho kimoja tu."