Merikebu Iliyonuka Papa

Jirani yangu wa upande wa pili wa kichochoro alinikabidhi merikebu yake ikiwa mbavu tupu. Aliileta mwenyewe baada ya swala ya alasiri, ndani ya sanduku la kadibodi, akapanda ngazi zetu akipapasa ukuta kwa bega.

"Shika, Maalim," akaniambia. "Mimi siioni tena. Kila nikitaka kubandika kibao, nabandika kidole."

Wazee wake walitoka Kachi, Bara Hindi, na duka lao la kufuli, misumari na rangi kule Bondeni ni kongwe kuliko mimi. Tangu ujana yeye huswali msikiti wake nami wangu, kisha tunakutana kwenye baraza yangu kwa kahawa. Merikebu hiyo ya kuunganisha aliletewa na bintiye aliye ng'ambo: vibao vyembamba, milingoti, nyuzi, vitambaa vya matanga na kijitabu cha picha cha kuelekeza. Aliifurahia kama mtoto anayepewa nguo ya Idi. Alipomaliza uti wa chini na mbavu, ukungu wa mtoto wa jicho ukamfunika macho yote mawili.

Daktari wa kliniki ya macho kule Ganjoni alikubali kumpasua, lakini hakumwahidi kitu, maana macho yale yalikuwa na presha pia.

"Nataka niione imekwisha kabla sijaingia kwa daktari," jirani yangu akasema. "Nuru ikirudi, alhamdulillahi. Isiporudi, niwe nimeiona."

Nilimwambia inshallah, nikalipokea sanduku. Mke wangu alikuwa ameketi dirishani akishona kofia, kazi aliyoanza kabla hatujaoana. Hakuinua macho.

"Kaka, wajua wampa nani?" akamwuliza. "Huyu hajapata kupigilia msumari ukasimama wima."

"Wewe utamsimamia, shemeji."

"Mimi nina kofia za watu."

Nimesomesha watoto Qur'ani umri wangu wote, na mikono yangu ilizoea chaki na kurasa. Lakini kazi ile ilinipendeza tangu siku ya kwanza. Nililoweka vibao katika maji moto mpaka vikalegea, nikavipinda taratibu juu ya mbavu, nikavitia gundi na kuvibana kwa vibanio vya nguo. Kila kibao nilikianza kwa bismillahi. Kilichokataa kupinda nilikirudisha majini, nikangoja, kama nilivyowangoja watoto wazito wa kuhifadhi. Adhana ya magharibi ilikuwa ikinikuta na vumbi la msasa kwenye ndevu, na moyo mwepesi sana.

Mwili wa merikebu ulipokamilika, ikabaki kuipaka. Kijitabu kilionyesha kichupa cha vanishi, nacho kilikuwa kimekauka sandukuni. Nikajiuliza, chombo hupakwa nini? Vyombo vyote nilivyoviona tangu utoto pale bandari ya kale vilipakwa sifa, mafuta ya papa. Basi nikateremka kwa wauza samaki, nikapata chupa, nikaisugua merikebu ndani na nje kwa kitambaa. Mbao zilinywa mafuta zikang'aa. Nikamshukuru Mungu, nikaenda kuswali.

Niliporudi, mke wangu alikuwa ameketi ngazini, amejiziba pua kwa ukaya wake wa kichwani. Paka wa mtaa mzima walikuwa wamekusanyika mlangoni, wametulia kama wageni waliokuja kula walima wa harusi.

"Ndani humo hamuingiliki," akasema. "Chagua, mimi au papa wako."

Jirani yangu akatokea kichochoroni, pua juu. "Leo mmepika papa?"

"La," nikamjibu. "Nimeipaka merikebu yako."

Akacheka mpaka akaketi chini katikati ya paka.

Kicheko kilikwisha kesho yake. Sitaha na milingoti vilikuwa bado, na juu ya mafuta yale gundi haikushika kabisa. Nilibandika, kikabanduka. Nilifuta kwa sabuni, nikapiga msasa, kikabanduka tena. Siku ya daktari ilikuwa imekaribia, na mwenzangu hakuwa akiniuliza neno ila kila jioni, "Inakwendaje?" Nami nikimjibu inakwenda, ilhali imesimama.

Mke wangu ndiye aliyeweka kofia yake kando. "Mitepe ya zamani, vile vyombo vya kule Lamu, ilikuwa na gundi?" akauliza. "Si ilishonwa kwa kamba? Hebu ilete, na harufu yake."

Kwa chombo chake cha kutobolea kofia alitoboa vibao vya sitaha na mbavu zake, akavishona kimoja kimoja kwa uzi ulioletwa wa matanga. Mimi nilimtungia sindano na kushikilia. Milingoti tukaifunga kwa uzi vivyo hivyo. Alinigombeza kila mara, "Nyoosha, bwana, hii si herufi ya nuni," na chumba kizima kikinuka soko la samaki. Tulikuwa na furaha ambayo sikumbuki kuwa nayo tangu tulipokuwa wachumba. Matanga niliomba niyafunge peke yangu, akaniachia.

Jirani yangu alikuja jioni ya kuamkia upasuaji. Nilimwekea merikebu mezani, penye mwanga wa dirisha. Aliinama, akasogea, akainama tena.

"Naona dirisha tu," akasema.

Nilihisi nimechelewa, na kwamba zile siku nilizozipoteza na gundi ndizo zilizokuwa za kumwonyesha.

Ndipo akanyoosha mikono. Vidole vyake viliufikia ubavu, vikapanda kwenye sitaha, vikasimama.

"Hapa mmeshona."

"Tumeshona," mke wangu akasema.

Akaufuata mshono mmoja mmoja kutoka mbele hadi nyuma, midomo ikichezacheza kama anayesoma. Akapanda mlingoti mkubwa mpaka kileleni. Akasogeza pua, akavuta pumzi.

"Ingekuwa gundi na vanishi, nisingejua nimeshika nini," akasema. "Hii ni merikebu. Imekwisha."

Asubuhi alikwenda kliniki, nami nikakaa msikitini na tasbihi yangu mpaka nilipoletewa habari kwamba ametoka salama. Bandeji ilifunguliwa baadaye. Siku aliyokuja kwetu nilisikia miguu yake ngazini, lakini sikusikia bega likisugua ukuta.

Alisimama mbele ya merikebu, akakunja uso, akafumba jicho moja.

"Maalim," akasema, "tanga la mbele umelifunga juu chini."

Mke wangu akaweka sindano. "Nilijua."

Nilisujudu palepale, juu ya mkeka. Nilipoinuka, walikuwa wangali wakibishana ni nani atakayelipindua.